UZI: Utafiti wa kulipwa kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza, Mei hadi Agosti. Wa Pwani tusikose tena kwa kutojua

Bint_Kisauni, Juni 9

Assalamu aleikum wadau na habari za jioni kwa wote. Huu uzi nimekuwa nao kichwani tangu juzi nilipokutana na kijana mmoja stendi ya Kongowea, yuko mwaka wa tatu anasomea mambo ya bahari, akaniambia likizo yote hii yuko atachi, yale mafunzo ya kazi, kwa maabara fulani, halipwi hata nauli, na bima ya atachi amelipiwa na mamake anaepika mahamri. Nikamuuliza, kwani zile za kulipwa hukuomba? Akanitazama akaniuliza, zipi?

Hilo swali mimi nililiuliza hivo hivo nikiwa mwaka wa pili na sikupata mtu wa kunijibu, ndo maana naandika.

Iko hivi. Taasisi nyingi za nje huweka nafasi za utafiti za wanafunzi wa digrii ya kwanza, wiki 8 mpaka 12 hivi, zengine miezi mitatu na zaidi. Huwa ni wakati kule ni joto na vyuo vyao vimefunga, huku kwetu kusi linavuma na wengi pia tuko likizo ndefu, kwa hivyo zinaingiana vizuri. Unapewa mtafiti wa kukusimamia, unapewa swali dogo la kwako mwenyewe, mwisho unasimama mbele ya watu unaeleza umepata nini. Na unalipwa. Posho ya wiki au ya mwezi, pahali pa kulala, na wengine wanakata tiketi ya ndege wenyewe kwa pesa zao.

Sasa niwaambie nilivyoumia ili wewe usiumie. Mwaka wa pili nilisikia kuhusu REU za Marekani, nafasi za utafiti za wanafunzi wa digrii ya kwanza zinazodhaminiwa na National Science Foundation, zipo tangu 1987, vituo vyake ni vingi sana na kila kituo huchukua kama wanafunzi 10. Nilikaa saiba usiku wa siku tatu nikijaza. Insha, transkripti, majina ya waalimu, kila kitu. Nikatuma sita. Majibu yakaja ya mistari miwili miwili: pesa ile ni ya raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu kule tu. Na ilikuwa imeandikwa pale pale kwenye ukurasa, mimi nilifika kwenye posho nikaacha kusoma. Msimu mzima ukapotea hivo, na waalimu wangu wawili walishaandika barua za bure, mwaka uliofuata kuwarudia nilikuwa naona haya.

Kwa hivyo kitu cha kwanza kabisa, kabla hujaangalia posho, kabla hujaangalia mji, tafuta mstari unaosema nani anaruhusiwa kuomba. RISE ya Ujerumani inayotolewa na DAAD, shirika lao la kubadilishana wanafunzi na wasomi, ni nzuri sana, lakini ni ya walio kwenye vyuo vya Marekani, Kanada, Uingereza na Ireland. Globalink ya Mitacs, shirika la utafiti kule Kanada, huwa na orodha ya nchi wanazochukua wanafunzi, nilipoiangalia Tunisia ilikuwemo, Kenya hatukuwemo. Usiumize kichwa hapo.

Zinazofungulia dunia nzima zipo, na ndo nataka tuzizungumze. OIST, chuo cha sayansi kule Okinawa, Japani, wanachukua watu mara mbili kwa mwaka, dedlaini ni Aprili 15 kwa wanaoenda kuanzia Oktoba, na Oktoba 15 kwa wanaoenda kuanzia Aprili mwaka unaofuata. Tiketi, nyumba na posho viko juu yao. KAUST, chuo kikuu kule Saudia, Thuwal, kaskazini ya Jeddah, wana mpango wa miezi 3 mpaka 6 kwa walio mwaka wa tatu kwenda juu, walikuwa wakitoa dola 1,000 kwa mwezi pamoja na nyumba, viza na ndege, lakini hao wanataka alama za juu kweli, wastani wa 3.5 kwa 4. Iko ISTernship ya ISTA, taasisi ya sayansi ya Austria, nje kidogo ya Vienna, wiki 8 mpaka 12. Na iko CERN, maabara kubwa ya fizikia kule Geneva, kwa watu wa fizikia, hisabati, kompyuta na injinia.

Mimi ndo nilienda Okinawa, mwaka wa nne. Mtoto wa Kisauni, shule za hapa hapa, sikuwa na mjomba popote. Ulizeni, nitajibu kila mtu nikitoka kazini.

Kaka_wa_Likoni

Dada shukran kwa uzi lakini mi naona unawavunja moyo walioko atachi. Sote tumeanza hivo. Mi nilifanya miezi mitatu bila shilingi na hapo ndo nilipojuana na watu wakaniita kazi. Mwanafunzi hana ujuzi, atalipwa kwa lipi? Apate kwanza uzoefu hiyo pesa itakuja.

Bint_Kisauni

Kaka nakuheshimu na nafurahi ilikufaa. Ila hebu tupige hesabu pamoja. Kijana anakaa Likoni, atachi yake iko Kilifi. Feri ni bure kwa anaevuka kwa miguu, sawa. Halafu matatu town mpaka Kilifi na kurudi, siku 5 kwa wiki, wiki 12. Hizo ni safari 120. Ongeza cha kula mchana. Wewe unajua nauli, zidisha mwenyewe halafu uniambie nani kwenye mtaa wako anaeweza kuitoa hiyo pesa bila mzazi kuuza kitu.

Wenzangu wawili tulikuwa darasa moja, mmoja ana alama kunishinda mimi, wallahi kunishinda mbali. Likizo ikija anaenda kusaidia duka la babake Majengo kwa sababu nyumbani wanahitaji hiyo mikono. Hakuwahi kushika kazi ya maabara nje ya praktiko za darasani. Leo hayuko kwenye sayansi kabisa. Ukisema aanze bure unakuwa ushamtoa, abaki yule ambaye baba yake anaweza kumlisha miezi mitatu. Hiyo ndo inaniuma, na ndo maana nataka watu wajue kuna pahali wanalipa.

Na suala la ujuzi, mimi kwa maabara moja hapa nilifanya miezi miwili ya bure nikiosha vyombo vya vioo na kuandika lebo. Sikupewa swali hata moja la kufikiria. Uzoefu wa kuosha chupa nilikuwa nao nyumbani.

Mwalimu_wa_Umeme

Nafundisha fizikia kwenye chuo kimoja hapa Pwani. Niongeze upande wa CERN kwa sababu kila mwaka nawaambia wanafunzi na wanadhani ni ya watu wa Ulaya tu. Ule mpango wa wanafunzi una mlango wa nchi wanachama na mlango wa nchi zisizo wanachama, na sisi tunaingilia huo wa pili. Ni wiki 8 mpaka 13, posho inahesabiwa kwa siku, na wanasaidia nauli na bima ya afya. Sharti ni uwe umemaliza angalau miaka mitatu ya chuo kufikia wakati wa kwenda, kwa hivyo wa mwaka wa tatu anaomba wakati bado yuko darasani. Huwa inafungwa Januari, sana sana mwisho wa mwezi. Na si lazima uwe mtaalamu wa fizikia ya chembechembe, kule kazi kubwa ni kuandika programu na kuchambua data, kwa hivyo wa kompyuta na wa injinia jipeni moyo.

Halafu barua za waalimu. Naomba mnielewe bila kukasirika. Mwanafunzi ananijia Jumatano, dedlaini Ijumaa, simjui, darasa lina watu 180, namba ya usajili ndo naitafuta kwenye karatasi ya mahudhurio. Nitaandika nini? Nitaandika alipata B, ana nidhamu. Barua kama hiyo haimsaidii.

Barua nzuri niliyowahi kuandika ilikuwa ya kijana mmoja aliepima ukinzani wa waya kwenye praktiko akapata namba moja, akarudia baada ya chai akapata nyengine. Wenzake walichukua wastani wakaenda nyumbani. Yeye alirudi kesho yake saa mbili asubuhi akaniuliza kama anaweza kupima joto la chumba pamoja na waya. Hicho ndicho niliandika, na nilikiandika ukurasa mzima bila kutafuta maneno. Njooni ofisini mapema, mje na swali. Na mkija kuomba barua nipeni wiki tatu, sivii, na insha yenu niisome.

Bint_Kisauni

Mwalimu shikamoo, na Mungu akuzidishie. Hilo la wiki tatu mlibandike ukutani jamani.

Niongeze kidogo tu hapo. Siku hizi barua haipeanwi mkononi, mtambo wao unatuma linki kwa imeli ya mwalimu, na waalimu wengi imeli ya chuo hawaifungui kila siku, au linki inaangukia kwenye kapu la taka. Mimi mwalimu wangu mmoja alikaa siku tisa hajui kama kuna kitu kimemfikia. Nenda ofisini kwake, mwombe kwa adabu mtafute hiyo linki pamoja. Hakuna mwalimu aliewahi kunifukuza kwa hilo.

pwani_damu

Sisi wengine alama ni za kawaida, nina 68 ya wastani, mzungu akiona 68 si atatupa fomu?

Bint_Kisauni

Swali zuri sana hili na limewaangusha wengi. Kwetu 70 ni A. Mtu wa kule akiona 72 anadhani umepita kwa bahati, kumbe wewe ndo wa kwanza darasani. Ile transkripti yetu kwa kawaida ina jedwali la alama, mara nyingi limechapishwa nyuma ya karatasi: 70 kwenda juu A, 60 mpaka 69 B, na kuendelea. SKANI PANDE ZOTE MBILI. Watu wanaskani mbele tu wanatuma. Na kama transkripti yako haina hilo jedwali, mwombe mwalimu anaekuandikia barua aeleze mstari mmoja kuwa 68 iko karibu na daraja la juu kabisa la chuo chenu, na wewe ni wa ngapi kwa wangapi kama rejista wanaweza kuthibitisha.

Kwa 68 KAUST itakuwa ngumu, sitakudanganya. OIST na hizo zengine omba, wanasoma insha.

Zuhura_K

Hio insha sasa ndo mtihani. Mi nimeandika yangu naanza "tangu utotoni nimependa sayansi" nikafuta mara nne. Wewe uliandika nini dada?

Bint_Kisauni

Ya kwanza kabisa nilianza hivo hivo, neno kwa neno shosti.

Ile iliyonipeleka niliandika kuhusu utepe wa kupimia. Nieleze vizuri maana nadhani hapa ndo penyewe. Mwaka wa tatu nilimfuata mtafiti mmoja msaidizi kwenda Gazi, Kwale, wiki mbili, nikibeba vitu na kuandika namba. Wengi mnajua Gazi na Makongeni ndo wenye ule mradi wa Mikoko Pamoja, wanalinda msitu wa mikoko hekta 117 na tangu 2013 wanauza hati za hewa ya ukaa inayoshikwa na msitu, pesa inarudi kwa maji na shule. Sasa ili ujue mti umeshika kaboni kiasi gani huukati, unapima unene wa shina halafu unaingiza kwenye fomula.

Mti wa kawaida unapimwa usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka chini. Mchu unaweza kuupima hivo. Lakini mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya kuning'inia kama miguu ya kaa, hapo kwa kifua bado ni mizizi tu. Kwa hivyo unatafuta mzizi wa juu kabisa unapotokea kwenye shina, unapanda sentimita 30 juu yake, hapo ndo unazungusha utepe. Na umesimama kwenye tope linalokushika mpaka magotini, maji yanakupwa, una saa chache kabla yajae. Siku ya pili tulipima mti mmoja watu wawili, mimi nikapata namba yangu mwenzangu akapata yake. Tukarudia. Bado. Ikawa yeye ni mrefu, amesimama kwenye mzizi mgumu, mimi nimezama kwenye tope nimenyanyua mikono na utepe umelala mshazari upande wa nyuma siuoni.

Nikamuuliza yule msaidizi, sasa hii tofauti inafika wapi? Akaniambia kaitafute. Fomula za uzito wa mti zinapandisha kipenyo kwa kipeo cha zaidi ya 2, kwa hivyo kosa dogo kwenye utepe linakuwa zaidi ya mara mbili yake kwenye uzito. Nikakaa nyumbani na namba zile za miti 40 tulizopima mara mbili, kwenye karatasi za mraba, nikaona kabisa.

Hicho ndo nilichoandika. Aya ya kwanza tope na utepe, ya pili hesabu, ya tatu ningependa kujifunza nini ili nijibu lile swali vizuri zaidi. Hakuna utotoni, hakuna ndoto. Kwenye intavyuu ya video yule mtafiti alitumia dakika 20 kati ya 30 kuniuliza kuhusu miti ile 40 tu.

Wewe Zuhura unasomea nini? Kitu gani umewahi kukipima au kukihesabu kikakukatalia? Anzia hapo.

Zuhura_K

Biokemia. Kuna mara tulipima chumvi ya maji ya visima vitatu hapa Mtopanga kwa ajili ya projekti, kisima kimoja kila tukipima bahari ikiwa imejaa kinapanda. Mwalimu alisema tuandike wastani. Dah. Kumbe hio ndo insha.

Bint_Kisauni

HIO NDO INSHA. Usiku huu huu anza kuandika, na rudi kwenye hicho kisima bamvua ijayo upime kila saa, siku nzima, uwe na namba za kwako.

mama_wawili_bondeni

Nimesoma yote nikiwa na binti yangu hapa ubavuni. Yuko mwaka wa pili. Mimi si mtu wa mambo haya, ila nauliza kama mzazi. Mtoto wa kike aende nchi ya mbali peke yake, nani atampokea, atakaa na nani, na chakula? Nimesikia ya wasichana waliopelekwa Uarabuni kwa kazi tukalia nao hapa mtaani.

Bint_Kisauni

Shikamoo mama. Mamangu mimi aliuliza maneno haya haya, na alikuwa na haki.

Nikueleze yangu. Kila kitu kilikuja kwa maandishi kabla sijatoka nyumbani: barua ya mwaliko yenye jina la mtafiti na la taasisi, tarehe za kuanza na kumaliza, posho, na jengo nitakalolala. Mama alitaka kuongea na mtu, nikawaandikia, wakakubali, mwanamke mmoja wa ofisi ya wanafunzi akamwonyesha kwa video chumba chenyewe na jiko. Tiketi waliikata wao, ya kwenda na kurudi. Paspoti ilikaa kwangu siku zote, haishikwi na mtu. Ramadhani haikunikuta kule lakini chakula nilipika mwenyewe, samaki wamejaa, mchele umejaa, nazi ya kopo nilipata kwenye supamaketi. Nyumbani kwa simu kila siku.

Hapo ndo tofauti na wale wa mawakala. Taasisi ya kweli haiko na wakala wa katikati, haichukui paspoti, na haikatai mzazi kuuliza. Akiwa mwaka wa pili huu ndo wakati hasa, aanze kuzoea maabara na kujuana na waalimu, mwaka wa tatu aombe. Na paspoti aanze kuitafuta sasa kwa eCitizen, picha na alama za vidole zinachukuliwa Uhuru na Kazi pale. Kama jina la cheti cha kuzaliwa na la kitambulisho yanatofautiana herufi moja litengenezwe mapema, mimi lilinila mwezi mzima.

mama_wawili_bondeni

Marahaba mwanangu. Amesikia. Kesho anaanza na cheti.

Chege_Bamburi

Wakubwa kuna hii nimetumiwa kwa WhatsApp, intanshipu ya utafiti Kanada, yote imelipiwa, wanataka 3,500 ya fomu kwa M-Pesa halafu 12,000 ya viza wakishakubali. Namba ni ya hapa hapa. Nishatuma hiyo ya kwanza.

Bint_Kisauni

Pole sana kaka. Usitume tena hata shilingi. Piga huduma za M-Pesa uwaeleze, na uripoti polisi ukiwa na ule ujumbe wa muamala. Hizi zote nilizotaja, OIST, KAUST, CERN, fomu haziuzwi. Na viza unalipa ubalozini au kwenye kituo chao, hulipi kwa namba ya mtu. Anaekutaka pesa ili akupe nafasi ya kulipwa hana nafasi. Asante kwa kusema, kuna mwengine hapa alikuwa karibu kutuma.

Kaka_wa_Likoni

Nimerudi. Nimepiga zile hesabu za safari 120 dada. Umesema kweli, mimi nilikuwa nalala kwa shangazi Kilifi, nilisahau kwamba hio nayo ni pesa. Sasa swali, kwa asieweza kusafiri, hapa hapa Pwani hakuna wanaolipa? KMFRI ya utafiti wa bahari iko Mkomani hapo, KEMRI-Wellcome ya utafiti wa afya iko Kilifi tangu 1989, CORDIO ya mambo ya bahari iko hapa pia. Watafiti wamejaa.

Bint_Kisauni

Asante kaka kwa kurudi, wengi wangenyamaza.

Wapo, lakini hutawapata kwa tangazo la atachi. Unawapata kwa mradi. Mtafiti akipata ruzuku, kwenye bajeti yake mara nyingi kuna mstari wa wasaidizi wa kazi ya nje, watu wa kuhesabu, kuhoji, kuingiza data. Hiyo pesa ipo, lazima itumike, na mara nyingi anaitwa mtu anaejulikana tayari. Kwa hivyo badala ya kuandika "naomba atachi popote", soma amechapisha nini, mwandikie yeye mwenyewe imeli fupi, mistari minane: nimesoma kazi yako kuhusu nyasi bahari, naweza kutumia Excel na kidogo R, naogelea, nakaa Nyali, niko huru Mei 10 mpaka Agosti 20, je mradi wako una nafasi ya msaidizi wa kulipwa? Hilo neno la mwisho liandike. Watu wengi wanaliogopa. Mimi niliandika 14, nikajibiwa 3, mmoja akanichukua siku 18 za posho. Siku 18 zile ndo zilinilipia paspoti.

Mwalimu_wa_Umeme

Nathibitisha hilo la ruzuku. Na mkubaliane idadi ya siku na kiwango kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza, hata kwa imeli.

mtu_wa_tungo

Mbona mnaongea sayansi tu, sisi wa Kiswahili na historia tufe? Kila mwaka Juni mpaka Agosti wageni wanamiminika Mji wa Kale, wa misikiti, wa hati za Kiarabu, wa lahaja. Mimi nimeshamsaidia mmoja kusoma hati za ajami, Kiswahili cha herufi za Kiarabu, wiki nne, nimempa mpaka tafsiri ya Kimvita ya maneno asiyoyajua, akaniacha na asante na kalamu.

Bint_Kisauni

Ndugu yangu hilo limeniuma kweli. Ile kazi yako ni ya kitaalamu, wangapi wanaweza kusoma ajami siku hizi? Huyo mgeni amekuja na ruzuku na ndani yake kuna pesa ya msaidizi. Mara nyengine sema kabla hujafungua hati: kwa siku ni kiasi hiki, na jina langu liandikwe kwenye kazi. Halafu pitia RISSEA, taasisi ile ya utafiti wa Waswahili iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa hapa Mombasa, jitambulishe, acha namba na mfano wa kazi yako. Mgeni akija kuulizia msomaji wa ajami jina lako liwe hapo. Mwenye kujua zaidi upande huu aandike, mimi si mtu wa tungo na sitaki kupotosha.

Fundi_Kriki, Oktoba 14

Dada wa uzi upo? Mimi ndo yule kijana wa stendi ya Kongowea. Nimejaza ya Okinawa yote, bado barua moja. Dedlaini ni kesho usiku, kwa hivyo bado nina siku nzima si ndio?

Bint_Kisauni

SUBIRI. Kesho usiku ya wapi? Japani wametutangulia saa sita. Usiku wa manane wao ni saa kumi na mbili jioni yetu, watu wakiwa bado wanatoka kazini hapa. Chukulia dedlaini yako ni kesho saa tisa mchana. (Wanaoomba za New York kwao ni kinyume, manane yao wakati wa baridi kwetu ni saa mbili asubuhi ya kesho yake, lakini usitegemee hiyo.) Mwalimu yuko wapi saa hizi?

Fundi_Kriki

Yuko semina Voi mpaka Alhamisi. Hashiki simu.

Mwalimu_wa_Umeme

Kijana nitumie jina lake inboksi. Kama ni ninaemdhania, tuko semina moja, amekaa safu ya pili mbele yangu. Chai ni saa nne.

Fundi_Kriki, Oktoba 15

Saa tano kasorobo alama imegeuka kijani, barua imeingia. Nimetuma saa sita na dakika kumi. Mtambo umenipa namba. Halafu nimeangalia nilichopakia, transkripti nimeskani mbele tu. Mlango wa kurekebisha bado uko wazi, nimepanda tuktuk niko njiani saiba.